Hereni ya uzi ikitoa ncha, weka mkasi chini

Tumeletewa tena dukani kwetu hereni ya krosheti iliyofumuka, na maneno yalikuwa yale yale: "Mmeniuzia kitu kibovu." Dada aliyeileta alikuwa na haki ya kukasirika. Alitoa elfu kumi na tano yake, akavaa kwenye kicheni pati ya rafiki yake, na katikati ya shughuli hereni ya kushoto ikaanza kujiachia uzi begani mbele za watu. Tukaigeuza upande wa nyuma. Pale tunapomalizia kazi palikuwa na ncha fupi iliyokatwa wima, safi kabisa, kama inavyokata mkasi. Tulipomuuliza akasema ndiyo, kulikuwa na kauzi kamechungulia, akakakata ili hereni ionekane nadhifu.

Kauzi kale ndiko kalikokuwa kameshikilia hereni nzima. Hereni yake tumemfumia upya, lakini kwa kuwa malalamiko haya hayaishi, na wengine hawarudi dukani bali wanakwenda kutusema huko mitandaoni, tumeona tueleze jambo hili mara moja kwa urefu wake.

Krosheti ni kufuma kwa sindano yenye ndoano, na kila rangi ni uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Unavuta kitanzi ndani ya kitanzi, na kila kitanzi kinashikwa na kile kinachofuata. Cha mwisho hakina wa kukishika, isipokuwa ncha ya uzi iliyopitishwa ndani yake ikakazwa. Ndiyo maana hatukati uzi karibu. Tunaacha ncha ya sentimita 15 hivi, tunaitia kwenye sindano butu yenye tundu pana, tunaipitisha nyuma ya mishono kwenda, tunairudisha kwa kupasua nyuzi katikati ili isipite njia ile ile, kisha tunaivusha mara ya tatu kwa kukingama. Kazi hiyo tunaiita kuficha uzi. Haionekani kwenye picha, na hakuna mteja aliyewahi kutusifia kwa hiyo, lakini ndiyo inayotofautisha hereni ya miaka na hereni ya wiki mbili. Ua lenye rangi tatu lina ncha sita za kuficha, kwa sababu kila rangi ina mwanzo wake na mwisho wake. Pete mbili za masikio ni ncha kumi na mbili. Fundi mwenye haraka anapiga fundo, anakata, anakuuzia.

Fundo peke yake halitoshi, hasa kwa uzi tunaotumia sisi. Sisi tunafuma kwa pamba ya kung'aa, ile ambayo ukiishika ni baridi kidogo na inateleza vidoleni. Mng'ao ule si rangi wala mafuta. Mwingereza aitwaye John Mercer aligundua mwaka 1844 kwamba uzi wa pamba ukizamishwa kwenye kemikali kali ya kostiki soda unavimba, unakuwa imara zaidi na unashika rangi vizuri. Baadaye, mwaka 1890, Horace Lowe akaonyesha kwamba ukizamishwa huku umevutwa haurudi ukasinyaa, na hapo ndipo unapopata mng'ao. Uzi wa namna hiyo hautoi manyoya, haufifii haraka, na mishono inaonekana mmoja mmoja. Ubaya wake ni huo huo wa kuteleza: fundo dogo linajifungua lenyewe kadiri unavyotikisa kichwa. Kwa hiyo ukinunua kitu cha pamba ya kung'aa mahali popote, kwetu au kwa mwingine, geuza nyuma uangalie ncha zilikoishia. Ukiona vifundo vimejipanga, rudisha.

Tuje kwenye bei, maana swali la pili kwa wingi ni hili: "Donge la uzi nimeliona Kariakoo, mbona hereni kumi na tano?" Ni kweli, jozi moja inakula gramu chache tu, na donge la gramu 50 linatoa jozi kadhaa. Mteja anayepiga hesabu hiyo hajakosea kuhusu uzi. Anachoacha nje ni mkono. Duara la chuma la kipenyo cha sentimita 5, ukilizungushia uzi kwa sindano ya ndoano ya milimita 1.5, linameza mishono zaidi ya 60 katika mzunguko wa kwanza peke yake, na hapo bado hujaanza kuchora umbo. Sindano ya milimita 1.5 ni nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Huwezi kuifanyia kazi huku unaangalia tamthilia, na umeme ukikatika jioni tunasimama, kwa sababu mshono mmoja ulioruka unaonekana hadi mwisho.

Kuna jambo ambalo wateja wengi hawajawahi kuambiwa. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, na leo sweta zinatoka kiwandani kwa maelfu. Krosheti viwanda havijaiweza. Ufumaji wa sweta unashikilia safu nzima ya vitanzi kwa wakati mmoja, na mashine inapenda kazi ya safu. Krosheti ina kitanzi kimoja tu kilicho hai, na sindano inaweza kuingia popote: mbele, nyuma, chini ya mshono wa safu tatu zilizopita. Vitambaa vingi unavyoviona madukani vikiitwa krosheti ni vya mashine za aina nyingine zinazoiga sura yake. Na pale ambapo ni krosheti kweli, hereni ya elfu mbili imefumwa na vidole vya mtu fulani mahali fulani, kwa muda ule ule tunaotumia sisi. Aliyepunjwa ni yeye.

Uzi wenyewe nao hautengenezwi hapa. Mwanza, Shinyanga na Simiyu wanalima pamba, lakini sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa haijasokotwa, na madonge ya kung'aa tunayoyapata yanaingia kutoka nchi kama Uturuki, India na China. Dola ikipanda, duka la uzi linapandisha, na sisi tunapandisha. Tunasema wazi ili mteja aliyenunua mwaka jana asidhani tumemwona mgeni.

Sasa njia za mkato. Ya kwanza ni mteja kuleta uzi wake ili bei ishuke. Mara nyingi ni masalia ya uzi wa sweta za watoto, uzi wa akriliki, mnene na laini. Mama mmoja alituletea mfuko mzima akitaka hereni kubwa za maua kwa ajili ya binti zake. Tulimwonyesha sampuli, tukamweleza kwamba uzi ule utalala, akasisitiza, tukafuma. Maua yalitoka yamelegea na mazito. Akajaribu kuyanyoosha kwa pasi ya moto, na akriliki haivumilii moto, inayeyuka. Petali zikashikana, zikawa ngumu na kumetameta vibaya. Alilipa mara ya pili kwa pamba, na jumla aliyotoa ilizidi bei tuliyomtajia siku ya kwanza. Tangu hapo uzi wa kuletewa tunaupokea kwa mikoba na kofia. Kwa hereni na vidani hatuupokei, hata kwa mteja wa siku nyingi.

Ya pili ni kugawa oda. Hii inauma zaidi kwa sababu hutokea kwenye harusi, na harusi haisubiri. Bibi harusi mmoja alitaka bangili na hereni za wapambe wake, rangi ya zambarau inayoendana na kitenge. Nusu akatupa sisi, nusu akampa fundi wa bei nafuu, na akamwelekeza anunue uzi wa kampuni ile ile, namba ile ile ya rangi. Kwenye karatasi inayozunguka donge kuna namba mbili. Moja ni ya rangi. Ya pili, iliyopigwa kwa herufi ndogo pembeni, ni ya mkupuo: inaonyesha uzi huo ulichovywa kwenye pipa lipi. Mikupuo miwili ya rangi moja haifanani sawasawa. Ndani ya ukumbi, chini ya taa za rangi, hutaona kitu. Nje kwenye jua la saa tisa, wakati wa picha, wapambe walisimama upande mmoja zambarau iliyoiva na upande wa pili zambarau iliyopauka. Tulitafuta mkupuo wetu maduka yote tunayoyajua, ulikwisha. Kwa oda za sare tunanunua madonge yote siku moja, tunalinganisha namba ya mkupuo moja baada ya nyingine pale pale kaunta, na tunaweka donge la ziada hadi sherehe ipite. Ndiyo sababu tunaomba malipo ya awali ya nusu. Hela ile inakwenda kwenye uzi siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni kusema, "Nifumie tu, mambo ya wanga mniachie." Mama zetu walipiga wanga vitambaa vya makochi, wengine wakachanganya na sukari ili visimame zaidi, na vilipendeza. Kwa kitu kinachogusa shingo haifai. Kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam sukari inanata, inavuta vumbi, na ukiacha kidani mezani usiku unakikuta na sisimizi. Sisi tunatumia gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, upande wa nyuma tu, kisha tunakitandaza kipande kwenye sponji na kukibana kwa pini zisizoshika kutu, petali kwa petali, hadi kikauke. Masika kinaweza kuchukua siku mbili. Ukiharakisha kwa kuanika juani, rangi nyekundu na nyeusi zinaanza kupauka kabla hata hujavaa. Kwa hiyo mteja anayepiga simu asubuhi akitaka kidani cha jioni tunamkatalia, na wengine wanakasirika. Tunakubali wakasirike.

Ya nne, na hii tunaomba isomwe vizuri, ni supaglu. Uzi ukiachia kidogo, mtu anachukua supaglu ya mia tano na kutonesha tone. Supaglu ikigusa pamba inakauka kwa kasi sana na kutoa joto, linaweza kuunguza ngozi. Kijana mmoja aliyekuwa anamtengenezea mkewe hereni alikuja na lengelenge kwenye kidole gumba. Na baada ya hapo kazi yenyewe haitengenezeki tena: uzi unakuwa mgumu kama plastiki, unaacha doa jeupe, na sindano haipenyi. Hereni iliyofumuka tu tunaweza kuokota kitanzi na kuendelea pale kilipoishia. Iliyotiwa supaglu tunaitupa.

Kuhusu ndoano za masikio tutasema kwa ufupi. Tunatumia stenlesi. Wapo wanaonunua ndoano zao za bei chee kwa dazani, na sikio likianza kuwasha na kutoa maji lawama inaangukia uzi. Mara nyingi ni nikeli iliyomo kwenye chuma, ambayo ngozi za watu wengi hazipatani nayo, na Umoja wa Ulaya uliiwekea mipaka kwenye hereni tangu sheria yake ya mwaka 1994. Ndoano za shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu zina kasoro nyingine: zikikutana na jasho zinatoa ukijani, na ukijani ule ukiingia kwenye pamba nyeupe hautoki kwa sabuni.

Matunzo si magumu. Vaa hereni au kidani mwisho, baada ya mafuta na manukato kukauka mwilini. Usioge nacho, usiingie nacho baharini. Kikichafuka, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo, kamua kwa kukandamiza ndani ya taulo bila kusokota, kisha tandaza kivulini kikiwa kimelala. Ukikitundika kikiwa kimelowa, uzito wa maji utakivuta na umbo litapotea. Baada ya kuoshwa mara kadhaa kitalegea kidogo. Kilete tukirudishie ugumu wake kwa elfu mbili.

Na ncha ikichungulia, iache kama ilivyo. Usiikate, usiivute, usiichome kwa kiberiti. Piga picha upande wa nyuma, ututumie, kisha uilete au umpe bodaboda ailete. Kuficha ncha iliyotoka kwenye kazi yetu ni bure kwa miezi sita tangu siku uliyonunua, hata kama umepoteza risiti, maana mishono yetu tunaijua. Iliyokatwa na mkasi tunaifuma upya kwa nusu ya bei. Yenye supaglu ni bei kamili ya hereni moja, na tunaomba ulete na ile nyingine ili tulinganishe rangi kabla hatujaanza.