YAH: MALALAMIKO KUHUSU SHOKAPU YA MBELE KULIA MLIYOIPITISHA KUWA NZIMA

Kwa Meneja wa Huduma,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Naandika nikiwa na karatasi zenu zote mezani: fomu ya mapokezi, risiti, na karatasi mbili za alaimenti, yaani kipimo cha jinsi magurudumu yalivyokaa. Kwenye fomu ya mwisho fundi wenu ameandika kwamba gari limekaguliwa, shokapu ni nzima, na kwamba "ugumu ni tabia ya gari la spoti". Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Shokapu ya kulia haikuwa nzima. Ilikuwa imepinda na inavuja, na dalili zote zilikuwa mbele ya macho ya mafundi wenu, nyingine zikiwa zimechapwa na mashine yenu wenyewe.

Gari lilipiga shimo kwa gurudumu la mbele kulia likiwa kwenye mwendo. Tangu hapo usukani ukawa unavuta kushoto, na kila likipita polepole kwenye vijituta linagonga upande wa kulia, mlio mfupi wa chuma, ko, ko. Kabla ya shimo halikuwa na lolote kati ya hayo mawili. Haya yote niliyaeleza mapokezi na yakaandikwa. Gari la spoti ni gumu, hilo nalijua na ndivyo nilivyolipenda. Lakini ugumu wa kuzaliwa nao huwa pande zote mbili. Hauanzi ghafla upande mmoja baada ya gurudumu kupiga shimo.

Kipimo cha kwanza mlichofanya kilikuwa kubonyeza bodi juu ya tairi na kuhesabu gari linarukaruka mara ngapi. Nilikuwa nimesimama pale. Fundi alibonyeza kwa uzito wake wote, pua ya gari ikashuka kidogo sana na kurudi, akasema shokapu iko vizuri. Naomba mnielewe: springi za gari hili ni ngumu kiasi kwamba mkono wa mtu hauwezi kuisogeza rodi ya shokapu, kile chuma kinachoingia na kutoka ndani yake, umbali wa maana. Tena shokapu hufanya kazi kwa kusukuma oili kupitia matundu madogo, na ukinzani wake unategemea kasi ya rodi. Mkono husukuma taratibu, tuta hupiga kwa kasi. Kipimo hicho kinaweza kuigundua shokapu iliyokufa kabisa kwenye gari lenye springi laini. Kwenye gari la chini lenye springi kama hizi, kutorukaruka hakuthibitishi chochote.

Kisha mkachomeka kompyuta, ikasema hakuna hitilafu, na jibu hilo nikasomewa kama hukumu. Shokapu za gari hili zina vali za umeme, ni kweli. Ila kompyuta inachokiona ni waya na koili ya vali: kama umeme unapita, na kama unapita kwa kiwango kinachotakiwa. Haioni oili iliyomwagika wala rodi iliyopinda. Shokapu inaweza kuwa tupu kabisa na kompyuta ikaendelea kusema kila kitu kiko sawa, mradi waya haujakatika.

Sasa nije kwenye alaimenti, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu ushahidi mliuchapa ninyi. Kwenye karatasi ya kwanza kemba ya kushoto, yaani mlalo wa gurudumu kwa juu, ni digrii hasi 1.1. Ya kulia ni hasi 2.4, imeandikwa kwa rangi nyekundu. Fundi alirekebisha too, yaani jinsi magurudumu yanavyoelekea ndani au nje kwa mbele, mpaka ikawa ya kijani, akaniambia kemba ya gari hili hairekebishiki, akanikabidhi ufunguo. Hebu fikirini maana ya maneno hayo. Kama kiwandani hawakuweka bolti ya kurekebishia kemba, basi tofauti kubwa namna hiyo kati ya kulia na kushoto haiwezi kuwa suala la marekebisho. Kuna chuma kimepinda. Nyekundu ile ndiyo iliyokuwa jibu la swali langu, nanyi mkaichukulia kama kitu cha kuvumilia.

Na si hivyo tu. Mistari miwili chini yake, karatasi hiyo hiyo inaonyesha pembe ya mhimili wa usukani, yaani mwinamo wa mstari ambao gurudumu huuzunguka unapokata kona, nayo inalingana kulia na kushoto. Pembe hiyo ikilingana huku kemba ikitofautiana, sehemu ya juu inapofungwa shokapu kwenye bodi haijahama, na mkono wa chini nao haujahama. Kinachobaki ni shokapu yenyewe au chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mashine iliwapunguzia kazi mpaka vitu viwili. Hata kule kuvuta kushoto kulieleweka: gari huvuta kuelekea upande ambao kemba yake ni chanya zaidi, na upande huo ulikuwa kushoto. Karatasi ya pili, niliporudi na malalamiko yale yale, ina namba karibu zile zile. Mkatoza tena.

Kuhusu mlio, mlibadilisha linki ya stabilaiza ya kulia, kile kijiti kinachoshika fito ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, bila kuipima. Linki hupimika kirahisi: unafungua zote mbili, unaliendesha gari polepole ndani ya uwanja juu ya kituta, unasikiliza. Mlio ukibaki, linki haihusiki. Linki mpya ilifungwa, mlio ukabaki, nami nikaambiwa nizoee.

Nililipeleka gari kwa fundi mwingine asiye na kompyuta ya maana. Alilipandisha, akatoa gurudumu, akaifunua ile mpira ya kuzuia vumbi. Kwenye shokapu ya kushoto akapitisha kitambaa cheupe, kikatoka na vumbi kavu la kijivu. Kwenye ya kulia kikatoka cheusi, kimelowa, na ukifuata ule unyevu kwa kidole unaona njia ya oili imeshuka kutoka kwenye sili, ile ringi ya mpira inayozuia oili isitoke, mpaka kwenye kikalio cha springi, ikakamata mchanga njiani. Ukungu mwembamba wa oili karibu na sili si kosa, hilo fundi mwenyewe aliniambia, maana rodi hupanda na mafuta kidogo. Hapa kulikuwa na mtiririko. Upande mmoja wa rodi ulikuwa na mkwaruzo unaong'aa, mrefu, mahali inapobanwa kwenye sili kwa sababu imepinda. Kizuizi cha mpira kinachopokea rodi ikifika mwisho kilikuwa kimepasuka vipande.

Alinionyesha na jambo la mwisho ambalo sikulijua. Alishusha gari, akalegeza nati ya juu kidogo tu bila kuitoa, kwa sababu springi iliyobanwa inaweza kuua mtu, kisha akaizungusha rodi taratibu. Kichwa cha gurudumu, yaani sehemu yake ya juu, kikaingia ndani, kikatoka nje, kikaingia tena. Rodi iliyonyooka haiwezi kufanya hivyo. Kazi yote hiyo haikuhitaji kifaa ambacho ninyi hamna.

Tairi la kulia limeliwa ukingo wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, huku nje likiwa bado na kashata nzuri. Mtu akisimama kando ya gari haoni kitu; lazima ageuze usukani na kuinama. Ninyi mlilitoa na kulirudisha tairi hilo wakati wa kubadilisha linki, na hakuna aliyeandika neno. Mnajua gari hili linaendeshwa kwa mwendo gani. Tairi linalorukaruka juu ya lami kwa sababu shokapu haina oili halishiki breki inavyotakiwa, na tairi lenye nyuzi nje linaweza kupasuka kwenye kona. Ningekuwa nimewaamini, ningeendelea kuliendesha hivyo na familia ndani.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie gharama za ukaguzi, za alaimenti zote mbili na za linki ambayo haikuwa mbovu. Mbadilishe shokapu zote mbili za mbele kwa gharama ya vipuri tu bila ufundi, kwa jozi, kwa sababu mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili zitalifanya gari liwe na tabia mbili. Pamoja nazo ziwekwe mpira wa juu na beringi yake, vizuizi vipya, na nati mpya pale ambapo kiwanda kinakataza kurudia za zamani. Bolti za bushi, yaani mipira ya maungio, zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu, kwa spana ya kipimo. Chuma kinachobeba habu kipimwe kabla ya kufunga chochote. Nipewe karatasi ya alaimenti ya kabla na ya baada, na shokapu zilizotolewa nizichukue mimi.

Pia nataka maneno "ugumu ni tabia ya gari la spoti" yafutwe kwenye kumbukumbu za gari langu, na mahali pake paandikwe kilichoonekana: rodi imepinda, sili inavuja. Siku nitakapoliuza, mnunuzi atasoma kumbukumbu hizo, nami sitaki asome jambo lisilo la kweli.

Fundi aliyenihudumia simtaki aadhibiwe. Alikuwa na adabu, na nadhani alifanya kama alivyofundishwa. Mafunzo hayo ndiyo yenye kasoro, na ni ninyi mnaoweza kuyabadilisha.

Nimeambatanisha nakala za karatasi zote na picha za rodi, sili na tairi. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Gari limeegeshwa na sitaliendesha. Mtakapokuwa tayari, mje na gari la kulibeba.

Wenu,
Mwenye gari