Barua kwa mwanangu aliye chuoni Dodoma

Mwanangu,

Sisi huku Njombe hatujambo, baridi tu. Mama yako ameniambia umepata sapu mbili, mitihani miwili ya kurudia. Ya kidato cha sita siyarudii, unayajua. Nataka unijibu jambo moja: bado unakesha?

Juzi kwenye simu ulisema wiki ya mitihani hamlali, na ulisema kwa fahari. Tangu hapo sina amani. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, vipindi na kujisomea vikiwa ndani. Somo la krediti 12 ni saa 120. Utazipata wapi kwa kukesha siku mbili tatu? Kwa muhula wa wiki 15, ni saa nane kila wiki kwa somo hilo moja. Kwa hiyo niambie Jumanne mchana, kipindi kikiisha, huwa unakwenda wapi.

Kwenye ualimu tulisoma habari za Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba mengi aliyokariri yalimtoka ndani ya siku moja, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kulimfaa kuliko kulundika. Basi jioni ya kipindi funga daftari, andika unachokumbuka, ndipo ufungue uone kilichokutoroka. Siku chache baadaye rudia. Kupitisha macho kwenye desa, yale maelezo mnayopeana, mara tano hakutoshi, na usingizi ndio unaosaidia kichwa kushika ulichosoma. Lala, mwanangu.

Akili unayo. Baba yako mkubwa anakutaja kwa kila mgeni, na mimi namwacha aseme. Ila vitenge unavyouza hosteli vinakula mchana wako, halafu unaulipa kwa usiku. Ukiniambia ni kwa ajili yetu, sitaki. Ile elfu hamsini uliyotutumia ya mabati mama yako hajaigusa, atakurudishia Ijumaa. Tungejua unaipataje, tusingeipokea. Bumu, ile fedha yako ya mkopo, likitoka, nunua chakula, lipia na zile nakala unazoazima kwa wenzako.

Viazi tumeuza, bei si mbaya. Ada ya mdogo wako imelipwa. Anakiulizia kikokotoo chako. Nimemwambia asubiri mpaka umalize sapu. Nitumie tarehe za sapu, na unijibu kuhusu kukesha.

Baba yako