Hela ya bati ilipanda ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni ndefu mtaikata mnavyoona. Wiki chache zilizopita msomaji mwenzetu aliandika kwamba sisi tulioenda kutafuta Uarabuni tukirudi tunarudi na simu kubwa na maneno mengi, nyumba hakuna. Niliisoma nikiwa juu ya paa la ghorofa Ruwi hapa Muscat, nimejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji nasubiri wenzangu wapandishe kompresa, nikacheka kwanza halafu ikanikaa kooni, mana mimi ndo huyo anayesemwa. Boma langu liko Pongwe pale Tanga, kuta zimesimama, lenta imepigwa, bati hakuna na mwaka umekatika. Sa ngoja niseme hela ya bati ilienda wapi.

Mimi ni fundi AC. Nilifika Oktoba mwaka jana na mkataba niliousaini nyumbani na ule niliokuta huku ni kama ndugu wa baba tofauti, aliyenileta simtaji mana hilo nshalimeza. Kazi yenyewe ya AC huku ni sawa na kuuza miamvuli masika, haiishi. Kuanzia Juni mpaka Agosti sheria ya huku inakataza kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, vizuri, lakini AC haifi kwa ratiba, ikifa saa saba mama mwenye nyumba anapiga simu saa saba na dakika moja, kwahiyo unakaa na simu inalia huku unahesabu dakika, ikifika muda mnapanda kwenye zege ambalo limeoka tangu asubuhi, soli ya kiatu inalainika unaisikia. Na usiku hakupoi, unatoka msikitini baada ya isha miwani inafunga ukungu kama umefungua sufuria ya wali.

Mambo ya mshahara nayo niseme, mana ndo chanzo cha maneno yote. Rial moja ni dola 2 na senti 60, wameifunga hapohapo miaka nenda rudi, kwa hela yetu ni elfu sita na kitu. Sa mtu wa nyumbani akisikia rial 180 anaingia kwenye kalkuleta anaona milioni na ushee kila mwezi, basi, wewe ni tajiri. Hajatoa chakula, hajatoa vocha, hajatoa ile ya mama ya dawa, ada, hajatoa makato ya kutuma, na michango, jamani michango, mimi nimechangia harusi za watu ambao ningekutana nao barabarani nisingewajua.

Ila mpaka Aprili nilikuwa nimefikisha hela ya bati. Geji 28, na kenchi, na misumari, kaka yangu mkubwa alishaongea na fundi kabisa. Ndo hapo nikafanya lile ambalo mpaka leo kwetu likitajwa watu wanatikisa kichwa. Nikakata tiketi tatu. Mke wangu na watoto wawili, waje likizo ya Juni.

Sababu? Simu ya WhatsApp kwenye laini yangu ilikuwa haikubali kupiga, kwahiyo muda wote tumekuwa watu wa voisi. Unatuma voisi asubuhi, wanajibu jioni, unasikiliza ukiwa kitandani kambini huku mwenzako wa Bangladesh anakoroma kitanda cha juu. Nikaona sawa tu, maisha ndo hivo. Siku moja mke wangu akaniambia huyu mdogo, ana miaka sita, akiulizwa baba yako yuko wapi anaenda kuchukua simu. Basi. Sikulala.

Kaka alivosikia akasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno, "Hela ya bati unapandishia watu ndege, mvua ikinyesha utaezeka na tiketi?" Sikuwa na jibu na kwakweli mpaka leo jibu kamili sina.

Walitua mwanzoni mwa Juni, mwezi mbaya kuliko yote mtu kuja Muscat, mimi mwenyewe mwenyeji sikuwaza hilo, niliwaza likizo ya shule tu. Milango ya eapoti ilivofunguka mke wangu akasema nani kafungua oveni. Mkubwa akanikumbatia. Mdogo akasalimia shikamoo akajificha nyuma ya mama yake, na siku tatu za mwanzo alikuwa anaongea na mimi kwa vipande, anasema sentensi mbili haraka haraka halafu ananyamaza ananitazama anasubiri, kama anatuma voisi. Nilikuwa sijui nicheke au nifanye nini. Nikawa na mimi nasema vipande vyangu viwili nanyamaza, mpaka akazoea kwamba huyu anajibu hapohapo.

Nilipanga chumba na sebule kwa mwezi mmoja maeneo ya Al Khuwair, cha jamaa anayekwenda likizo kwao. Mchana hakutokeki, wanalala kama wako mwezi wa Ramadhani, jioni tunashuka Mutrah tunatembea ufukweni tunaingia sokoni. Wiki ya pili mke wangu akawa ana rafiki. Bibi mmoja jirani, Muomani, alimsikia anagombeza watoto kwenye ngazi akatoa kichwa akasema, "We mwanangu, watoka wapi weye?" Kazaliwa Wete, kaja Muscat miaka ya sabini baada ya Sultani Qaboos kuingia madarakani, wakati ule watu wengi wenye asili ya huku walirudi kutoka Zanzibar na bara. Kiswahili chake kile cha zamani, laini, mpaka unaona aibu na cha kwako. Watoto wake wanakisikia, wajukuu wanajua mandazi na mishkaki tu, na mishkaki yenyewe huku ni neno la kila mtu, ukipita jioni utaona majiko ya mkaa pembeni ya barabara na moshi, unaagiza mishkaki bila kubadilisha lugha. Yule bibi alitulea mwezi mzima. Kila Ijumaa sahani inavuka korido.

Sa nije kwenye Salalah mana hapa ndo penyewe.

Wenzangu kazini walikuwa hawana wimbo mwingine, kharifu, kharifu, yani msimu wa Salalah, kusini kabisa huko Dhofar, inaanza kama tarehe 21 Juni mpaka Septemba, mvua za manyunyu, ukungu, kijani, watu wanatoka Ghuba nzima kwenda kulowa. Nikaomba siku nne, tukapanda basi la usiku. Ni kilomita kama elfu moja. Unapita Nizwa, unapita Adam, baada ya hapo hakuna kitu, Mhariri, sijui nikueleze vipi, jangwa bapa mpaka macho yanachoka, Haima mnashuka mnakunywa chai mnapanda, bapa tena. Asubuhi baada ya Thumrait barabara ikaanza kushuka mlima na kioo cha mbele kikawa cheupe, dereva akawasha hazadi, tumeingia kwenye ukungu. Mke wangu akaamka akafuta dirisha akasema, "Mbona kama Lushoto?"

Na kweli. Tumeshuka, minazi. Migomba. Mipapai. Barabarani vibanda vimepangana vinauza madafu na ndizi zimening'inizwa, watu wametoka Dubai na magari makubwa wanajipiga picha na mnazi! Dafu nilinunua baisa 500, yani nusu rial, hiyo ni zaidi ya elfu tatu ya kwetu, mwanangu mkubwa akaniuliza kwa sauti, baba, tumetoka Tanga kuja kununua dafu? Muuzaji akauliza anasema nini nikamwambia anasema ni tamu.

Lakini kuna kitu nilielewa pale ambacho miaka yote nakaa pwani sikukijua. Ule upepo unaoleta ukungu Salalah ni kusi. Kusi hilihili, ambalo Tanga likikaza wavuvi wanavuta ngalawa juu mchangani na samaki wanapanda bei. Linatoka kwetu linapanda na pwani, likifika Dhofar bahari ya pale miezi hiyo inakuwa ya baridi mana maji ya chini yanapanda juu, upepo unapita juu yake unabeba unyevu unagonga milima, ndo manyunyu. Nyuma ya mlima upande wa Thumrait kukavu kabisa, haufiki. Na ndo upepo huohuo uliokuwa unarudisha majahazi Uarabuni baada ya kuja kwetu na kaskazi. Mkubwa yuko la tano, alishasikia habari za Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani, kufika Kilwa mwaka 1331, tulivokuwa Al Baleed kwenye magofu ya mji wa zamani nikamwambia yule mzee alivotoka Kilwa chombo chake kilikuja kutia nanga hapa, na aliandika kwamba kuna minazi na ndizi. Akasema, basi na yeye alishangaa kama sisi. Nikasema inawezekana.

Tulienda kaburi la Nabii Ayubu juu mlimani, ukungu mpaka unamshika mtoto mkono usimpoteze. Bonde la Wadi Darbat tulikuta maporomoko ya maji bado hayajaanza, tulikuwa tumewahi, kijani ndo kinaanza kuota, ngamia wamesimama katikati ya barabara kama wanamiliki. Mke wangu yeye Salalah yake ni ubani. Sokoni Haffa wanauchoma kila duka, anashika anarudisha anauliza bei, akaambiwa ule mzuri unaitwa hojari, una ukijani kwa mbali. Mti wake tuliuona njiani, mfupi, umejikunja, gome linachanjwa utomvu unatoka mweupe kama maziwa unaganda. Akaushika ule mti akasema huu ubani tunaochoma kwenye chetezo tangu kwa bibi zetu kumbe kwao ni hapa. Akanunua kilo. Kilo nzima, Mhariri, ndo zawadi zote alizobeba, walivorudi kila shangazi akapewa kipande kwenye karatasi na ikawa gumzo, mtu ametoka Arabuni kaleta ubani.

Waliondoka mwanzoni mwa Julai shule zinafunguliwa. Chumba nikakabidhi, nikarudi kambini, mwenzangu wa Bangladesh akaniuliza mbona umenenepa.

Sa hesabu. Tiketi, viza, chumba, basi, madafu, ule ubani. Bati zote za sebule na vyumba vitatu, na kenchi juu yake. Sifichi. Na simwambii mtu mwingine afanye nilivofanya, kuna wenzangu hapa wakitumia hela namna hiyo nyumbani watu hawali, na kuna dada zetu wanaofanya kazi majumbani ambao hata siku moja ya mapumziko kuipata ni vita, hao kuleta mtoto ni hadithi. Ninachotaka kumjibu yule msomaji ni kwamba asihesabu mabati tu akisema mwaka wa mtu umekwenda bure, aulize kwanza. Na familia zilizobaki nazo, mkikaa kupanga hela ya mtu aliye nje, pangeni na nauli humo humo, msisubiri mpaka nyumba iishe, mana nyumba haziishi, ikiisha mtaanza fensi.

Mdogo sasa hivi voisi zake zimekuwa ndefu, dakika tatu, nne, hanyamazi kusubiri tena. Jana ananieleza wamemkuta nyoka kwenye boma la Pongwe, majani yamekuwa marefu ndani, kaka kapeleka vijana wamefyeka. Vuli inakaribia. Nimeuliza bei ya bati imepanda.

Fundi AC,
Muscat, Oman (kwetu Tanga)