Barua kwa mwanangu: adui wa karibu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza namna ya kukaa nyumba moja na wenzako wa dini nyingine bila ugomvi na bila unafiki. Ugomvi kila mtu anauona. Mimi nahofia zaidi huo unafiki.

Zile hali nne za moyo zinazofundishwa katika dini yetu ya Kibuddha unazijua tangu udogoni: metta, kumtakia kila kiumbe heri, karuna, kuguswa na maumivu ya mwingine na kutaka yamwondokee, mudita, kuifurahia heri yake, upekkha, moyo uliotulia usioyumbishwa na sifa wala lawama. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika akiwa Sri Lanka katika karne ya 5, alieleza kwamba kila moja ina adui wa mbali na adui wa karibu. Wa mbali, kama chuki au ukatili, hana pa kujificha. Wa karibu hufanana na wema wenyewe, ndiyo maana tunamfungulia mlango.

Adui wa karibu wa metta ni mapenzi ya kung'ang'ania. Unamtendea mwenzako wema huku moyoni unangoja siku atakapohamia upande wako. Jipime hivi: akibaki katika dini yake mpaka kufa, wema wako utapungua? Ukipungua, haikuwa metta. Adui wa karibu wa karuna ni huzuni, nayo kati ya watu wa dini tofauti hugeuka upesi kuwa masikitiko: "Maskini, hajaijua njia." Hata usiposema, atayasoma usoni mwako, na hakuna apendaye kusikitikiwa kwa jambo analolithamini kuliko yote.

Mudita haitakusumbua sana. Sikukuu yake ikifika, furahi naye. Upekkha ndiyo ya kuiangalia. Adui wake wa karibu ni kutojali kunakotokana na kutojua. Mtu husema "dini zote ni sawa" na hajawahi kumuuliza mwenzake anafunga lini, hali chakula gani, saa gani anahitaji kimya. Uliza, kisha zamu za jiko na kelele za nyumba zipangwe kufuatana na majibu.

Kila asubuhi keti dakika 15. Anza kwa kujitakia heri wewe mwenyewe, kisha mtu unayemheshimu, kisha usiyempenda wala kumchukia, mwisho anayekukera. Usiruke hatua. Ukianza na anayekukera utaishia kuhesabu makosa yake. Hasira ikichomoza, rudi kwa mtu aliyetangulia mpaka moyo ulainike.

Mwenzako akiikosoa imani yetu, kumbuka Buddha aliwakataza wanafunzi wake kukasirika, kwa kuwa mwenye hasira hawezi kupambanua kama aliloambiwa ni kweli au la. Eleza lisilo sahihi na kwa nini si sahihi, ukomee hapo. Nawe ukiwa na la kumwambia, masharti ni 5: liwe la wakati wake, la kweli, la upole, lenye faida, na litoke katika moyo wa metta. Wengi huutimiza ukweli wakasahau wakati. Mtu akitoka kwenye ibada yake, hoja yako nzuri kuliko zote itamfikia kama tusi.

Wala usidhani uaminifu kwa njia yako unadai uwapunguzie wengine wema. Upali, tajiri aliyekuwa mfuasi wa Wajaini, watu wa dini nyingine ya kale ya India, alikwenda kujadiliana na Buddha, hoja zikamshinda, akataka kumfuata. Buddha alimwambia kwanza achunguze vizuri. Kisha akamkumbusha kwamba nyumba yake imekuwa kisima kwa watawa wa Kijaini kwa muda mrefu, kwa hiyo wakija aendelee kuwapa chakula.

Wiki mbili za mwanzo baki na hao watu watatu wa kwanza. Wa nne mwongeze pale utakapolisikia jina lake na mabega yako yasikaze.

Mama yako