Mwanao yuko kidato cha pili, nami nitaanza naye na chapati

Shikamooni wazazi.

Wengi mnaonipigia simu kuhusu tuisheni ya nyumbani huniuliza mapema kabisa: "Mwalimu, utaanza na mada gani?" Mtoto yuko kidato cha pili, upimaji wa taifa ni mwisho wa mwaka, na darasani wameshafika mbali. Mzazi anataka niingie palepale walipo wenzake. Haraka hiyo naielewa. Lakini siku ya kwanza sigusi mada yoyote ya kidato cha pili, na ningependa mjue sababu kabla hamjanilipa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasomea ualimu wa sayansi, na naishi hosteli za Mabibo. Nafundisha hesabu na fizikia majumbani, kuanzia Sinza hadi Kimara, darasa la sita mpaka kidato cha nne.

Mwaka jana nilipokea kijana wa kidato cha pili aliyekuwa na alama 19 ya hesabu. Alama 30 ndiyo inayomtoa mtu kwenye F, kwa hiyo safari haikuwa fupi. Mama yake alishaniandalia orodha ya mada kwenye karatasi. Niliipokea, nikaiweka pembeni, nikampa kijana hesabu moja tu: nusu jumlisha theluthi. Aliandika bila kusita: 2/5. Ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini.

Sikumwambia amekosea. Mezani palikuwa na chapati zilizobaki kwenye chai. Nikakata moja katikati, nusu nikaiweka kwenye sahani. Nyingine nikaigawa vipande vitatu, kimoja nikakiweka pembeni ya ile nusu. Nikamuuliza, "Hapo sahanini pana zaidi ya nusu chapati au pungufu?" Zaidi, akasema. "Na jibu lako, mbili ya tano, ni zaidi ya nusu au pungufu?" Akanyamaza. Akachora duara kwenye daftari, akaligawa mara tano, akatia wino vipande viwili, akaangalia sahani, akaangalia tena daftari. "Nimejumlisha halafu imepungua," akasema taratibu.

KDS alikuwa anaikumbuka. Alinitajia kirefu chake bila kukosea, kigawe kidogo cha shirika, kama alivyokikariri shule ya msingi. Hakujua tu kwamba kazi yake ndiyo hiyo iliyokuwa mbele yetu. Tukachukua kisu tukakata kila kitu kwa kipimo cha sita, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3: nusu ikatoa vipande vitatu, theluthi ikatoa viwili, jumla vitano. Tano ya sita. Nadhani hakuwa amewahi kuona asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini, ikiwa kitu cha kushikika.

Sasa angalieni hesabu hii ya sekondari: x/2 + x/3 = 5. Kijana yule alikuwa ameshaambiwa kwamba aljebra haimwingii kichwani. Kumbe anayejua kwa nini tulikata kwa sita atazidisha kila upande kwa 6, apate 3x + 2x = 30, na x ni 6. Asiyejua atakariri hatua za mwalimu ubaoni, na namba zikibadilika kwenye mtihani anaishia hapo. Uwiano, riba, mteremko wa mstari, nusu ya fomula za fizikia, zote zimesimama juu ya sehemu. Ukimmwagia mtoto mada mpya juu ya msingi uliopasuka, unalipa pesa kila mwezi na ufa unabaki palepale.

Kuna jambo la pili, na hili linawaumiza zaidi waliotoka shule za msingi za serikali. Miaka yote mtoto amesoma hisabati kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka Kiingereza. Mtoto mmoja aliacha wazi swali la bustani ya mstatili, ambayo urefu wake ni mara mbili ya upana na mzingo wake ni mita 36. Nilimsomea swali lilelile kwa Kiswahili. Hakumaliza hata dakika mbili: upana mita 6, urefu mita 12. Hesabu alikuwa nayo. Neno "perimeter" ndilo lililomfungia mlango, na shuleni aliogopa kuuliza maana yake mbele ya wenzake.

Kwa hiyo kila mtoto ninayemfundisha ana daftari dogo la maneno, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Mzingo, eneo, kipenyo, kigawo, kadirio. Maneno matano kila kipindi, na kila neno linaandikiwa swali moja chini yake. Nawaomba sana msilichukulie daftari hilo kuwa jambo la kitoto.

Kipindi kimoja ni saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki, shilingi 10,000 kwa kipindi. Nauli ni juu yangu kwa wanaokaa karibu na njia ya mwendokasi mpaka Kimara Mwisho. Nafundishia sebuleni au barazani, mtu mzima wa nyumbani akiwepo. Hilo silibadilishi, hata mzazi akiniambia ananiamini.

Kazi za nyumbani za shule simfanyii mtoto. Nikimfanyia, mwalimu wake wa darasani atadhani ameelewa na atasonga mbele bila yeye.

Mara mbili kwa mwaka nami naingia kwenye mitihani yangu, na kuna wiki kadhaa naenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Nawaambia tarehe mapema. Mkitaka mtoto asikatize, namleta mwenzangu wa kozi moja tufundishe pamoja vipindi viwili kwanza, mtoto amzoee na ninyi mumwone.

Na kuhusu matokeo, siahidi A. Yule kijana wa 19 alipata 23 kwenye mtihani wa kwanza baada ya kuanza naye, na baba yake alinipigia akiwa amevunjika moyo. Nilimwomba avumilie, nikamwonyesha karatasi: maswali aliyokuwa anayaacha wazi sasa anayajaribu yote, na makosa yake ni ya hatua ya mwisho, si ya mwanzo. Muhula uliofuata alipata 41. C inaanzia 45, na ndiko tunakoelekea.

Mkiamua kuanza, siku ya kwanza hamlipi chochote. Nitafutieni mitihani miwili ya mwisho ya mtoto, ile iliyosahihishwa, hata kama ameikunja chini ya godoro. Na tafadhali, mkiikuta, msimgombeze. Ileteni mezani kama ilivyo, nikae naye tuisome pamoja.