Mpaka wa mabamba ya dunia si mstari mwembamba

Ndugu Mhariri,

Ramani ambazo magazeti yetu huchapisha baada ya matetemeko makubwa ya Asia huonyesha mpaka wa mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la nje la dunia vinavyosogea polepole, kama mstari mmoja mwembamba unaopita chini ya Himalaya, na msomaji hubaki akiamini kwamba anayeishi mbali na mstari huo hana la kuhofia. Pale yanapokutana mabamba yaliyobeba mabara, mstari wa namna hiyo haupo.

Bamba la India lilianza kusukumana na la Eurasia yapata miaka milioni 50 iliyopita, baada ya sakafu ya bahari iliyokuwa kati yao kuzama chini ya Asia. Sakafu ya bahari ni nzito, hivyo huzama. Ganda la bara ni jepesi, na kwa kuwa India haikusimama, ganda hilo halikuwa na njia ila kujikunja, kukatika vipande vinavyopandiana na kunenepa. Ndiyo sababu chini ya Tibet, uwanda wa juu ulio kaskazini mwa Himalaya, ganda la dunia lina unene wa kilomita 70 hivi, takriban mara mbili ya unene wa kawaida wa mabara, na mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini leo yako kwenye kilele cha Everest, mita 8,848.86 juu ya usawa wa bahari.

Kuinuka kwa milima, hata hivyo, ndiko kunakofundishwa shuleni, na mengine husahaulika. India bado inasogea kaskazini kwa sentimita 4 hivi kila mwaka, lakini ni karibu nusu tu ya mwendo huo inayoishia Himalaya. Unaosalia hufika hadi milima ya Tian Shan, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, na sehemu ya ganda la Tibet husukumwa mashariki kupitia nyufa ndefu, yaani mipasuko ambayo miamba huteleza kandokando yake, kama zile za Altyn Tagh na Kunlun. Isitoshe, kusini mwa Tibet kuna mabonde ya ufa, kwa maana ganda linalobanwa kutoka kusini na kaskazini hutanuka kuelekea mashariki na magharibi.

Tetemeko la Nepal la tarehe 25 Aprili 2015, lililoua karibu watu 9,000 na kusogeza eneo la Kathmandu kusini kwa karibu mita 2, linaweza kuelezwa kwa mstari wa ramani zetu. Lile la Sichuan, China, la tarehe 12 Mei 2008, lililoua zaidi ya watu 69,000, haliwezi: lilitokea mamia ya kilomita kutoka Himalaya, kwenye ukingo wa mashariki wa Tibet, ambako ganda linalosukumwa hukutana na miamba migumu ya bonde la Sichuan.

Ninaomba wachoraji wako wapake rangi eneo zima, kutoka tambarare za mto Ganges kaskazini mwa India hadi Tian Shan, na waonyeshe nyufa kubwa zilizomo ndani yake.

Msomaji wako,
Dodoma