Mchanga wabebwa ilhali sheria ipo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Hapa Mombasa kila ukizunguka ni ghorofa zapanda, na sina shida na maendeleo, lakini huo mchanga watoka wapi na nani amesema uchimbwe? Maana sheria zipo tele jamani. Tuna sheria ya mazingira ya 1999, inataka mradi kama huo ufanyiwe tathmini ya athari zake kwanza, na NEMA, ile mamlaka ya mazingira, watoe leseni, halafu kuna miongozo ya uvunaji mchanga ya 2007 inayosema mchanga uvunwe mchana tu. Sasa nyie mtu anayepakia lori saa nane usiku ana leseni gani?

Watu wa bahari ndio waumiao zaidi. Meli ikifyonza mchanga chini ya bahari, tope linatimka linaenda kufunika matumbawe na nyasi za bahari, na huko ndiko samaki kama tafi na pono wanakula, kwa hivyo mwenye dema (mtego wa samaki) anavuta anakuta maji matupu. Kasa nae anataga kwa mchanga wa ufuo, ukiubeba atatagia wapi, kwa simiti? Ndugu zetu wa Tiwi na Waa, kule Kwale, walipiga kelele sana kuhusu haya wakati wa kujengwa ile reli mpya ya SGR.

Makueni walitunga sheria yao ya mchanga 2015, na hawana hata bahari (mito yao mingi ni mikavu!). Waheshimiwa wa kaunti zetu za Pwani, yenu iko wapi?

Msomaji wako,
Likoni